Kopi Moja Iende Pangani

Juzi nilisimama steshenari moja hapa Tanga na mpwa wangu Kibibi, tunatoa kopi ya pasipoti yake. Mashine ilikuwa mzee. Ikanguruma, ikakohoa, ikatema karatasi, na pale penye sura ya mtoto wetu pakatoka mraba mweusi tii, kama dirisha la nyumba iliyokatiwa umeme. Kijana wa steshenari akaitazama, akatutazama na sisi, akasema, "Inasomeka hiyo, mama." Shilingi mia. Tukalipa.

Mpwa wangu alicheka mpaka akashika meza. "Sasa hii ya nini, shangazi? Mimi yote ninayo kwenye simu."

Anakwenda Muscat, Oman, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Na kweli simu yake ina picha ya pasipoti, ya viza, ya mkataba, ya tiketi na ya cheti cha chanjo, zimechanganyika na picha kama mia saba za harusi ya binamu yake. Nilinyamaza, maana kubishana mbele ya foleni ya steshenari ni kujiaibisha wote wawili. Lakini leo kipaza sauti ninacho mimi, yeye hana. Nitasema.

Kwanza nimpe haki yake. Dunia inakwenda upande wake. Walionizidi umri wanaikumbuka tiketi ya ndege ilivyokuwa: kijitabu chembamba chenye kurasa za kaboni nyekundu, ukikipoteza umepoteza safari. Tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya ndege yaliyo chini ya IATA, umoja wao wa kimataifa, yaliizika tiketi hiyo. Tangu hapo tiketi yako ni kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta ya shirika, na karatasi unayochapisha ni ya kukutuliza moyo tu. Novemba 2025 Ryanair, shirika kubwa la huko Ulaya, likaacha kupokea hata ile pasi ya kupandia ndege ambayo abiria ameichapisha kwake. Sasa inatakiwa ionekane kwenye simu. Jirani zetu Kenya tangu Januari 2024 wameondoa viza na kuweka kibali cha kielektroniki, ambacho wageni wengi wanakiomba kwa intaneti kabla hawajatoka kwao. Kwa hiyo mtoto akiniambia karatasi ni mambo ya kizamani, siwezi kumwita mjinga.

Wapo watakaonikumbusha Ijumaa ile ya tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka kwa mpigo. Ndege zilikwama mabara yote. Huko India wafanyakazi wa viwanja vya ndege walikuwa wanaandika pasi za kupandia kwa kalamu, jina la abiria na namba ya kiti, kama kondakta anavyokata tiketi stendi. Kisa kitamu, lakini sikitegemei sana. Kompyuta za dunia hazianguki kila mwezi. Simu ya mtu mmoja ndiyo inayoanguka kila siku: chaji imekwisha, kioo kimepasuka, imetumbukia kwenye ndoo, imekwenda na mkono wa mwizi.

Niseme sasa kopi isichoweza, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojidanganya.

Kopi haivuki mpaka. Nilimshuhudia bwana mmoja pale mpakani Horohoro, safari ya Mombasa, pasipoti ameisahau juu ya kabati nyumbani. Mkononi ana kopi safi kabisa, ya rangi, imegongwa muhuri wa wakili. Alikuwa anaibandika kwenye dirisha la uhamiaji kama anayetaka ijisomee yenyewe. Afisa hakugomba. Alimuuliza tu, "Na muhuri wa kutokea niugonge wapi, kaka?" Basi likaondoka, yeye akarudi Tanga kwa gari lililokuwa linarudi.

Swali la yule afisa lina zaidi ya miaka mia moja ndani yake. Pasipoti ya kijitabu tuliyonayo ilipangwa kwenye mkutano wa Paris mwaka 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walikubaliana iwe na kurasa 32, nyingi zikiwa tupu, zikisubiri viza na mihuri. Pasipoti ni daftari la safari zako, na daftari huwezi kulitolea kopi ya ukurasa mmoja ukasema ndilo lenyewe.

Siku hizi kuna zaidi ya hapo. Tangu tarehe 31 Januari 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki, yenye chipu ndogo iliyofichwa ndani. Humo mna sura yako na taarifa zako, zimetiwa sahihi ya kidijitali na nchi iliyokutolea. Mashine ya uwanja wa ndege inaisoma chipu, inalinganisha na kilichochapwa ukurasani, inaitambua sahihi. Mashine ya fotokopi, hata ingekuwa mpya ya jana, inachukua wino tu. Chipu haiingii kwenye karatasi, na haiingii kwenye picha ya simu pia. Kwa hilo mpwa wangu na yule bwana wa Horohoro wako sawa, hakuna anayemzidi mwenzake. Kadi ya manjano ya homa ya manjano ni vilevile, inatakiwa yenyewe, yenye sahihi na muhuri wa kituo kilichokuchanja. Tena, kama yako imeandikwa miaka kumi na imepita, usikimbilie kuchanjwa upya: kwa kanuni za afya za kimataifa, tangu Julai 2016 chanjo ile inahesabiwa ni ya maisha.

Na msije mkanitajia Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Hao wanavuka kati yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, kwa makubaliano yao. Sisi hatumo. Na hata wao wanaonyesha kitambulisho chenyewe, hawaonyeshi kopi.

Ya nini basi? Ngoja niwapeleke Kampala.

Mwaka 2011 nilikuwa kwenye stendi kuu ya teksi za Kampala, zile Hiace nyeupe zilizobanana kama dagaa. Nilikuwa na mkoba begani. Nilipofika ng'ambo ya barabara nilikuwa na bega peke yake. Ulikatwa mkanda kwa wembe, kwa ustadi ambao hata leo nikiukumbuka nausifu kidogo. Pasipoti, simu, pesa, miwani, vyote vimekwenda. Kilichobaki ni nguo nilizovaa, mtandio, na kitabu nilichokuwa nasoma safarini, nimekishika kwapani. Ndani ya kitabu, nikiitumia kushika ukurasa, palikuwa na kopi ya pasipoti yangu imekunjwa mara nne.

Polisi wakaniuliza namba ya pasipoti. Wasikilizaji, nani anaijua namba ya pasipoti yake kwa kichwa? Mimi namba ya simu ya mume wangu siijui. Ilitolewa lini? Wapi? Nikaikunjua ile karatasi, askari akaandika yote kwenye taarifa ya upotevu, dakika kumi. Kesho yake ubalozini ikawa ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Hawakuichukua kama pasipoti, hapana. Waliichukua kama uzi wa kushika: wana jina, wana namba, wana pa kuuliza nyumbani. Siku ya tatu nilikuwa na hati ya dharura mkononi, ile ya karatasi, narudi kwetu.

Kwenye benchi nilimkuta Mtanzania mwenzangu aliyekuwa pale kabla yangu. Yeye hakuwa na kitu. Kiswahili chake kizuri, lakini Kiswahili kinasemwa Goma, kinasemwa Bujumbura, kinasemwa Mombasa. Wakawa wanamuuliza mwenyekiti wa mtaa wake ni nani, alisoma shule gani ya msingi, mwalimu mkuu alikuwa nani. Mwalimu mkuu alimkumbuka, na viboko vyake. Mwenyekiti wa mtaa hakumkumbuka. Nilimwacha pale. Maafisa walikuwa na haki yao, maana hati ya nchi haitolewi kwa lafudhi.

Niongeze jambo moja la upotevu, kisha niendelee. Ukishatoa taarifa kwamba pasipoti imepotea, ikafutwa, hata ukiikuta chini ya godoro wiki ijayo usiitumie. Interpol ina kanzidata ya hati zilizoibwa na zilizopotea tangu 2002, nchi zinapeleka namba huko, na mashine ya mpakani haijui kwamba mwizi wa pasipoti hiyo ni godoro lako.

Kuna hoja moja nimeitafakari zaidi kuliko zote, nayo ni ya mikono. Ukimpa mtu karatasi, umempa karatasi. Anaisoma, anaikunja, anakwenda nayo, wewe unabaki na mambo yako. Ukimpa simu ili aone picha ya pasipoti, lazima kwanza uifungue, na ukishaifungua umempa nyumba nzima: meseji za mumeo, salio la pesa, picha za watoto, na zile harusi mia saba. Kidole kimoja kikiteleza kushoto yuko sebuleni kwako. Kwenye gesti, kwa wakala wa basi, kwa askari wa kizuizi usiku, mimi sitaki kutoa simu. Natoa karatasi. Na karatasi inaweza kuwa mahali ambapo mimi sipo, ndilo jambo ninalotaka mpwa wangu alisikie.

Maana yeye haendi kutembea. Anakwenda kukaa ndani ya nyumba ya mtu.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walioongea mle wengi walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala, na wengine simu pia. Sisemi kila nyumba ya Muscat iko hivyo. Wako mabinti wa Tanga, Pemba na Unguja waliofanya kazi na watu wema, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Kati yetu na Oman kuna undugu wa muda mrefu kuliko mipaka yenyewe. Lakini Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina orodha ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na kushikiliwa hati zako za utambulisho kumo. Kwa utaratibu wa huko uitwao kafala, viza ya mfanyakazi imefungwa kwa mwajiri wake. Pasipoti ikiwa kwenye sefu ya bosi na simu ikiwa kwenye droo ya mke wa bosi, zile picha za simu ziko wapi? Ziko kwenye droo.

Sasa fikirini upande wa huku. Binti haongei wiki tatu. Mama anakwenda polisi, au wizarani, anaulizwa: jina kamili? Anasema Kibibi. Kibibi nani? Hapo ndipo mambo yanapokwama. Nyumbani ni Kibibi, shuleni alikuwa na jina jingine, na pasipoti imeandika majina matatu ambayo bibi yake akiyasikia atauliza huyo ni mtoto wa nani. Namba ya pasipoti? Hajui. Wakala ni nani, mwajiri ni nani, nyumba iko mji gani? "Muscat." Muscat ni kubwa, mama. Ubalozi wetu uko hukohuko Muscat na una maafisa, lakini afisa hawezi kumtafuta Kibibi. Anaweza kumtafuta mtu mwenye namba.

Na mtu akikamatwa ugenini, Mkataba wa Vienna wa 1963 unaohusu mambo ya kikonseli unampa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Haki nzuri. Ila ubalozi nao utauliza, ni wa kwetu kweli? Karatasi moja iliyobaki kwa ndugu inajibu kabla swali halijaisha.

Kwa hiyo kopi ninayoitaka mimi kuliko zote ni ile msafiri asiyosafiri nayo.

Lakini nisiwapendekezee mkazigawe kopi kama kadi za mchango. Karatasi ina hatari yake, na hatari hiyo sisi tumeionja. Kabla ya usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza 2019, laini ya simu ilisajiliwa kwa kopi ya kitambulisho. Unaacha kopi kibandani, kijana anakusajilia laini yako, na akitaka anasajili nyingine ya mtu usiyemjua kwa jina lako. Watu walikuja kushtuka baadaye. Siku hizi unapiga *106# unaona laini zilizo chini ya kitambulisho chako, na ukikuta mgeni unamfukuza. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayomtaka anayekusanya taarifa zako azitumie kwa kazi aliyoziombea na azilinde. Nenda kaulize kwenye gesti yoyote wanaweka wapi kopi za wageni. Mimi niliwahi kufungiwa maandazi kwa kopi ya kitambulisho cha mtu. Yalikuwa maandazi mazuri, na yule bwana alizaliwa Singida.

Halafu mnaogopa karatasi, mnasahau kompyuta ya steshenari! Unataka kuchapisha, unamtumia kijana picha kwa WhatsApp. Anaishusha, anachapa, unalipa, unaondoka na karatasi yako umeikunja kwa siri ndani ya pochi, na pasipoti yako nzima imebaki kwenye kompyuta yake, kwenye folda yenye watu mia nne, pamoja na barua za posa na mitihani ya darasa la saba. Simameni pale. Mwambieni aifute, aondoe na kwenye simu, na mshuhudie. Au pelekeni pasipoti yenyewe kwenye mashine, kama tulivyofanya sisi, mvumilie kutoka weusi.

Ninachofanya mimi ni hiki. Kopi mbili, za ukurasa wenye picha, na moja ya viza ikiwepo. Naangalia ile mistari miwili ya chini kabisa, iliyojaa alama kama vichwa vya mishale. Ina herufi, namba na alama 44 kila mstari, ndiyo inayosomwa na mashine, na jina lako na namba yako vimo. Hiyo ikisomeka kwa macho, kopi ni nzima hata kama sura imeharibika. Moja inakaa mbali na pasipoti, maana kopi iliyochomekwa ndani ya pasipoti inaibwa nayo. Nyingine naiacha nyumbani. Nikitakiwa kuacha kopi mahali, naandika juu yake kwa kalamu, mstari ukikatiza picha: kwa ajili ya gesti fulani, tarehe fulani. Wananitazama kama mtu mgumu. Sawa.

Na picha kwenye simu? Aweke, kwa nini asiweke. Ajitumie na kwenye barua pepe. Mahali pa kuweka akiba hapajawahi kuwa pengi kupita kiasi. Ila barua pepe nayo inataka nywila, na kwenye simu mpya siku hizi inataka ithibitishe kwa kutuma namba kwenye ile simu ya zamani, iliyoibwa. Nawaachieni mcheke wenyewe.

Jumamosi tukashuka Pangani kwa mama yangu, bibi yake Kibibi, kuaga. Tulikuwa tumepita steshenari nyingine, tukatoa kopi ya rangi, shilingi mia tano, na nyuma yake nikaandika majina ya wakala, mwajiri, mji, na namba ya simu ya ubalozi. Mama hasomi herufi hizi zetu; anasoma za Kurani. Lakini karatasi anaijua. Ana kopo la biskuti, kubwa, la bati, limechubuka rangi, na ndani mna hati ya shamba la minazi, kadi za kliniki za watoto wake wote tukiwamo tulio na mvi, na risiti ya cherehani iliyokwisha kuuzwa.

Akaipokea kopi ya rangi, akaigeuza mwangani. "Huyu ni yeye." Kisha akaona mkononi mwangu ile ya kwanza, yenye mraba mweusi. "Na hiyo?"

"Hiyo imeharibika, mama. Ya kutupa."

"Lete."

Akaziweka zote mbili, moja juu ya nyingine, chini ya hati ya minazi, akabana kifuniko kwa kiganja. Nikageuka kumwambia mpwa wangu aone, asikie, ajue iko wapi. Nikamkuta ameshainua simu juu ya kichwa changu, analipiga kopo picha.

"Shangazi, sogea kidogo," akasema. "Unaziba mwanga."